Hodi kwenye Chaneli ya Tatu

Umeme ukikatika Ng'ambo, majirani hulaani.
Mimi hushukuru kimoyomoyo, nisisikiwe.
Mashine ya Kasanda ya kusaga inanyamaza,
zinanyamaza chaja, na zile taa za bei rahisi zinazokwaruza hewa,
masafa yanatulia kama maziwa yaliyoachwa yagande.

Betri ya pikipiki. Redio ya mtumba, kioo kina ufa.
Waya wa mita ishirini na saba toka paa la choo
hadi kwenye mninga wa Mama Nyamizi, aliyekubali
kwa sharti la nusu lita ya asali kila msimu.
Asali si shida: mchana mimi ni karani wa mizani ghalani,
na kidole hiki kinachobonyeza kina nta mpaka kuchani.

Leseni ilikuja na karatasi ya pili, ndefu kuliko ya kwanza:
chaneli tano tu, nguvu ya taa moja ya sebuleni,
na wenyewe wakitokea, uondoke.
Anayesema kwa mdomo aweza kujaza chumba chote.
Mwenye nukta na mistari akae katikati kabisa,
asiguse ukuta.

Wiki nzima redio ilinigomea.
Nikichagua Morse kwenye chaneli zile, inaguna tu.
Nikasoma kitabu cha maelekezo, tochi mdomoni.
Kumbe namba inayosomeka kiooni ni ya mlangoni;
mkeka umetandikwa ndani zaidi,
kilohezi moja na nusu juu.
Mjomba Mihayo, aliyepiga simu za reli hadi kustaafu,
angecheka mpaka akohoe.

Basi nabisha hodi.
Kwetu, hodi tatu bila jibu, unageuza njia.
Huku ni kinyume: kimya ndiyo karibu,
jibu ndilo linalokufukuza.
Nabisha, nasikiliza. Nyenje wanalia,
ndani ya redio au nje yake, sijui.
Nabisha tena. Halafu jina langu la hewani, polepole.

Anayejibu ni Bukuru, fundi saa wa Ujiji.
Sauti yake sijaisikia hata siku moja. Naujua mkono.
Herufi K, ile ya kusema haya, zamu yako:
mstari, nukta, mstari,
na huo wa mwisho huuvuta
kama mtu anayekushikilia mlango upite na mzigo.

Jana jina lilikuwa lake, mkono haukuwa wake.
Nukta zilijikwaa. R ikawa herufi isiyokuwepo.
Niliweka kalamu chini. Nikamwaza aliyekaa kwenye kiti kile,
nikawaza kwa nini mwenye kiti hajakaa.
Karatasi ya pili haisemi ufanye nini
mtu akija amevaa jina la rafiki yako.

Nikapiga: NANI

Kimya. Treni ya mizigo ikalia huko stesheni,
mabehewa yakagongana, moja moja.
Kisha, kwa taabu:

MIMI
NATUMIA KUSHOTO
KULIA NIMEUNGUA CHAI

na K.
Mstari, nukta, na mstari uleule mrefu,
mlango umeshikiliwa.

Nilicheka peke yangu gizani kama mwendawazimu.
Nikaanza kumjibu. Herufi nne tu, POLE,
nilikuwa nimefika kwenye O
wenyewe walipoingia na mlio wao mnene,
usio na hodi.
Nikaondoa kidole. Naye bila shaka aliondoa chake.
Hapohapo umeme ukarudi na mtaa mzima ukashangilia,
Kasanda akawasha mashine yake saa nne ile ya usiku.

Leo asubuhi nimepima asali robo kilo, ile nyeupe,
ya kupaka kidonda cha moto.
Nimeifunga kwa nailoni mbili, nimempa mlinzi wa behewa la tatu.
Juu nimeandika: Ujiji, fundi saa anayepiga kwa kushoto.
Chini yake, kwa kalamu nene,
mstari, nukta, mstari.