Nalipwa kwa Futi

Nalipwa kwa futi, si kwa maji.
Narasamma alilijua hilo kabla sijashusha jeki;
hereni zake zimelala rehani mjini Kadiri.

Futi mia: udongo mwekundu, laini kama unga wa ulezi.
Mia tatu: itale. Keekee inalia, meno yananiuma,
vumbi jeupe linatua kwenye kope za ng'ombe.

Mwamba naujua kwa sauti.
Huu ni bubu, hauna ufa.
Mpiga ramli aliyepita na nazi kiganjani
alisema ilisimama wima hapa, papa hapa,
akapokea chake, akapanda basi.

Mia saba. Ananiuliza, "Bado?"
"Bado," nasema, na kila bado ina bei yake.
(Kwetu Tiruchengode mama hununua maji kwa ndoo.
Sijamwambia.)

Mia nane na arobaini, vumbi likashika unyevu,
likafanya donge mkononi.
Nikazima injini. Sote tukainama.
Huko chini, mbali, kitu kikadondoka:
tone,
au kokoto.

Narasamma akavua kandambili.
"Ongeza chuma kimoja," akasema,
akaanza kuilegeza bangili.