Vidole Vitatu

Aminieli ameziweka juu ya kaunta, bega kwa bega,
kama ndugu waliogombana njiani
na sasa wanapigwa picha ya kipaimara.
"Hizi ni pacha, mama.
Moyo mmoja, kumbukumbu giga nne kwa nne,
zote zimetoka ofisini kwa watu.
Tofauti ni umbo tu. Na elfu arobaini."

Umbo tu.
Asemaye hivyo hajapanda Uru Shimbwe wakati wa masika
nyuma ya bodaboda, amekumbatia mashine kifuani
ndani ya koti la mvua,
kwa sababu kuna msiba, na ratiba inatakiwa kesho saa tatu.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Naandika wasifu wa marehemu.
Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa,
aliugua kwa muda mfupi,
ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kadhaa.
Wananiita Mama Ratiba.
Nikimpigia mtu simu, kabla ya salamu huuliza: nani?

Napima kwa mkono.
Ndogo: shubiri moja na nusu.
Kubwa: hiyo hiyo, na vidole vitatu juu yake.
Vidole vitatu ndio ugomvi wote.
Ndogo inaingia kwenye mkoba wangu wa kahawia,
pamoja na miwani, chaja na ndizi za njiani,
na zipu inafunga bila kunung'unika.
Kwa kubwa, zipu inakwama katikati,
mkoba unabaki mdomo wazi
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Na elfu arobaini naijua kwa sura:
ni mtungi mdogo wa gesi
na nauli ya Nsia kurudi shule.

"Andika, ujaribu vitufe."
Kwenye ndogo vidole vyangu vinabanana
kama waumini wa Pasaka kwenye benchi moja.
Naandika *marehemu*, inatoka *marehenu*.
Aminieli anacheka. Ana macho ya miaka ishirini;
yangu yana arobaini na tisa.
Hata hivyo mkono wangu uko kwenye ndogo, unaipapasa.
Nyepesi. Ningeweza kuisahau begani.

Ndipo namkumbuka Bibi Ndealilia wa Kibosho.
Mwaka juzi, chini ya turubai, mvua ikichuruzika pembeni,
nikiwa na mashine yangu ya kwanza,
ndogo kama hii, sasa nayo marehemu.
Wanawe walinitajia watoto sita wa baba yao.
Mama yao akaja, akakaa,
akasogeza uso mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo.
"Elinsia umemweka wapi?"

Elinsia alichukuliwa na surua, miezi tisa,
kabla hata mmoja wa hawa sita hajazaliwa.
Pale turubaini pakawa kimya.
Nikamwandika wa kwanza.
Bibi akamtafuta kwa kidole, asimwone.
Nikakuza maandishi. Jina likajaa kioo kizima,
akalisoma herufi kwa herufi, akatikisa kichwa.
Kisha akaniangalia:
"Na wale wengine, sasa wamekwenda wapi?"

Wote sita walikuwa wametoka nje ya kioo.

"Nipe kubwa."
Aminieli alikuwa bado anaisifu ndogo.
"Betri yake inachoka mapema, mama, nisikufiche."
"Hata mimi," namwambia.
Anapunguza kumi. Thelathini nitaililia polepole.

Navua kitenge cha juu, naifunga, naibeba mbele
kama mtoto wa jirani niliyeachiwa kwa saa moja.
Mkoba wa kahawia unaning'inia mtupu,
miwani na ndizi zinagongana ndani yake.
Barabara ya Rengua imelowa, mlima haupo leo.
Kijana wa boda ananiona na mzigo, anazima redio.

"Mama Ratiba. Nani tena?"
"Leo hakuna," namjibu.
"Ila endesha taratibu."