Hatua Kumi

Fundi Shekuwe aligonga ukuta kwa konzi:
"Matumbawe haya, dhiraa nzima!
Wimbi fupi lina mbio na mzigo,
likikuta jiwe, lafa.
Refu lajikokota, lakini
lapenya hadi jikoni."
Akatuwekea waifai ya wimbi refu,
akala mahamri mawili, akenda zake Makadara.

Mnara wa simu nao hutufikia,
ila huuza kwa dumu, kama maji ya mkokoteni.

Blututhi sikuiuliza.
Hiyo haifiki hata msikitini.
Lakini jana, baada ya isha,
simu yangu iliandika: Spika ya Mwanakheri.
Hatua kumi, haizidi.
Kumbe umerudi.

Sikugusa "unganisha".
Nilizima feni
nisikie viatu vyako chochoroni.