Kalenda ya Duka la Nyama

Bwana Kozelj, muuza nyama wa barabara ya St. Clair,
kila Krismasi alimpa kalenda mteja asiyedaiwa.
Ya sitini na tisa alitupa hivyo hivyo, tukidaiwa:
picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari kama ramani ya majimbo,
na chini yake siku, visanduku vyeupe
vikiingoja penseli ya mama.

Mama hakuandika habari za dunia.
Aliandika: makaa. Meno ya Vida. Kodi.
Lojze zamu ya usiku. Lojze zamu ya usiku. Lojze.

Mwaka ule mambo yalipenda Jumapili.
Jumapili ya Juni, tumetoka misa, mto ukashika moto.
Ndiyo, mto. Kuyahoga, unaopita nyuma ya kiwanda cha baba,
mzito kwa mafuta, mweusi kama masizi ya sufuria.
Watu husema dawa ya moto ni moto;
dawa ya maji yanayoungua hawajaitaja.
Nusu saa, ukazimwa. Baba akavua kofia, akacheka:
"Umewaka tena."
Kwenye kisanduku cha siku hiyo: kuku, ratili tatu.

Tarehe nne Julai tuliketi kando ya ziwa kungoja fataki,
upepo ukafika kabla yake.
Miti iling'oka na mizizi yake na udongo wake.
Vinko, kaka yangu, alinitupa mgongoni akakimbia,
na blanketi letu likatupita juu kwa juu
kama mtu anayejua aendako.
Umeme ulipotea. Mama aliandika: barafu.

Kisha Jumapili ya mwezi. Saa tano za usiku,
ngazi nzima imejazana kwa Bi Odessa Tolliver,
kwa kuwa televisheni yake ndiyo iliyokuwa na picha.
Kivuli cheupe kikashuka ngazi, kikakanyaga.
Wanaume walipiga makofi. Baba alilia, akasingizia sigara.
Bi Odessa hakuondoa macho kwenye kioo:
"Wamefika kote kule,
na barua ya Lucius wangu tangu Mei haijafika hapa."
Mama akamshika mkono.
Kesho yake: kumrudishia Odessa sahani.

Tarehe kumi na nne Septemba ilizungushiwa duara jekundu.
Vinko alitimiza miaka kumi na tisa.
Mama aliviringisha mkate wa jozi, ukapasuka ubavuni;
tuliula hivyo hivyo, umepasuka, mtamu.
Wiki mbili baadaye ile bustani ya michezo ya ufukweni
ikafungwa kwa mara ya mwisho,
na Vinko akanipandisha kigari cha mbao mara sita
kwa pesa za viatu vyake.

Desemba mosi ilikuwa Jumatatu, siku ya kazi.
Saa mbili usiku. Chombo cha kioo, vidonge vya buluu,
ndani ya kila kidonge siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu.
Mkono ukazama, ukatoka.
Septemba, kumi na nne.
Vinko alikuwa anapaka mkate siagi. Alimaliza kuupaka.
"Shuleni," akasema, "sijawahi kuwa wa kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mama alichukua mkasi wa kukatia kuku,
akaifunua kalenda nyuma hadi Septemba,
akakata kile kisanduku, duara na vyote,
akakitia mdomoni, akakitafuna.
Niliona. Nilikuwa na miaka tisa, naapa niliona.

Alirudi, ndiyo. Machi ya sabini na mbili,
mwembamba kama ufito, akiketi daima karibu na mlango.
Mama alimwokea mkate wa jozi siku ya Jumanne tu,
Jumanne isiyo na jina, na tangu hapo
siku yake ya kuzaliwa ilikuwa Jumanne yoyote.

Kalenda ninayo mimi. Ng'ombe amefifia.
Nikiufungua ukurasa wa Septemba kuna tundu,
na tunduni, kutoka Oktoba iliyo nyuma yake,
penseli ya mama inachungulia:
koti la Vinko, vifungo viwili.