Ngazi ya Roysambu

Gikomba huuzwa kwa kilo,
yamechanganyika na magurudumu ya magari yasiyokuwepo,
mikono ya wanasesere, funguo, gololi moja ya kijani.
Waceke hupima kwa mizani ya sukari,
kisha huongeza kiganja kimoja juu: "Hii ya mtoto."
Sina mtoto. Nasema asante.

Nyumbani nayaloweka kwenye karai,
nasugua kwa mswaki mkuukuu, vinundu vinane vinane,
hadi maji yageuke rangi ya chai ya mkandaa.
Tofali moja jekundu lina alama za meno.
Nani huyu alinitangulia kujenga,
akashikwa na njaa kazini?

Mchana mimi ni mchoraji ramani, Barabara ya Ngong, ghorofa ya tatu.
Nachora anachosema Bwana Onditi,
naye hutia sahihi.
Usiku mezani, kati ya kikopo cha chumvi na bili ya maji,
najenga nilichochora.
Kipimo changu ni mtu wa plastiki mwenye kofia ya zimamoto:
akipita mlangoni, mlango ni mlango.

Meupe huisha kabla ukuta haujaisha,
basi upande wa maabara una mkanda wa njano
na paa, Mungu anisamehe, ni la zambarau.
Duara halitaki. Ukilazimisha mraba uzunguke
unapata meno ya msumeno;
ukirudi nyuma hatua tatu, ukafumba jicho nusu,
unapata duara.
Na viungo visipopishana havishiki:
ufa juu ya ufa,
kidole kimoja cha mpwa wangu Kyalo, ghorofa nne chini.
Mwashi yeyote wa Kayole angeniambia hilo bure.

Jumanne stima ilipotea.
Niliendelea gizani, vidole vikitafuta vinundu
kama mtu anayechambua mchele.
Nikamshika zimamoto, nimpandishe
ngazi ya zahanati ya Roysambu, ya chini kwenda ya kwanza.
Hatua ya sita, ya saba, ya nane,
kofia ikagonga dari.
Nikamshusha. Nikampandisha tena.
Ngo.
Sauti ndogo, kama ukucha kwenye kikombe.
Mchana, kwenye karatasi, dari ile ilikuwa mstari tu,
na mstari haumuumizi mtu.

Asubuhi nililibeba jengo ndani ya kreti ya mkate,
nimelifunika leso, nimelikumbatia njia nzima.
Askari wa lango akaniuliza harusi ni ya nani.

"Michezo ya watoto, Mutheu?"
Sikujibu. Nilimpa zimamoto.
Akampandisha kwa vidole viwili vinene,
mtu mzima, tai shingoni, miwani puani,
sita, saba,
na ofisi nzima ikasikia.
Alinyamaza hadi chai yake ikaota utando.
Kisha akavuta droo, akatoa kifutio.
Jina langu halikuandikwa popote; sikulitarajia.

Zahanati sasa imesimama. Nyeupe yote, hakuna njano.
Nilikwenda Jumamosi, nikajitia kikohozi,
nikapanda nikihesabu kimoyomoyo.
Mbele yangu mwanamke mrefu, mtoto mgongoni,
kilemba cha kitenge kimepanda kama ghorofa ya nyongeza.
Sita. Saba. Nane.
Hakuinama.
Wala hakujua kwamba hakuinama.
Nikasimama pale ngazini nikizuia watu njia,
hadi mzee mmoja akaniuliza kama nimesahau nilikokuwa nikienda.

Langu nimelibomoa jana.
Meupe yanahitajika: tumepata shule, Kasarani,
na mwenyewe anataka ukumbi wa duara.
Kyalo anatenganisha kwa meno ninapogeuka; nimemkataza mara mbili.
Lile jekundu nimeliweka msingini,
upande wa jikoni.