Mgombea Mwenza

Saa nne usiku, ukumbi wa televisheni,
nyumba ya wazee, Mtaa wa Nane, Erie.
Nilikuwa na ndoo mkono mmoja, dekio mkono wa pili,
Seneta Haugland alipopanda jukwaani
akaishika mimbari pande zote mbili
kama anayezuia mlango usifungwe.

"Mama yangu," akasema, "alimwaga vyombo vya wagonjwa
usiku kucha, miaka kumi na tisa."

Ukumbi wao, kule, ukasimama na kushangilia.
Ukumbi wetu ukanigeukia mimi.

Si wote. Bi Loretta alikuwa amesinzia, miwani kidevuni.
Ila Mzee Dombrowski, aliyeunga vichwa vya treni
mpaka kiwanda kikamuaga kwa saa ya mkononi na kikohozi,
alinitazama mimi, akatazama runinga, akatazama ndoo:
"Uongo. Mikono ile haijui jiki."
Nikaitafuta mikono.
Kamera haikuileta karibu.

Nzigire, mwenzangu wa zamu, alikuwa analia.
"Amenitaja. Mtu mkubwa vile, amenitaja."
Nikamwambia, kutajwa si kulipwa.
Akasema, "Kulipwa hatulipwi vizuri hata wasipotutaja."
Hapo sikuwa na neno.
Nikaenda kubadilisha shuka chumba cha kumi na nne.

Asubuhi, wenye tai wakaanza kugawana hotuba.
Imepandisha pointi mbili, alisema mmoja.
Moja na nusu, alisema mwingine
(nusu ya mtu gani, hakueleza).
Wa tatu akafunga mjadala kwa maneno marefu
ambayo mimi nayaweka kwa yangu:
hotuba ya mwenza ni chumvi kwenye ugali,
hakuna aliyeiomba, na haibadilishi mlo.

Mwenza. Neno hilo nalijua tangu Kasulu.
Bibi yangu alikuwa mke mwenza:
chakula kikiwa kitamu, sifa zilikwenda nyumba kubwa,
kikiungua, waliulizana nani alikuwa jikoni.

Oktoba ikaja na upepo wa ziwa,
na gazeti likaja na daftari la hospitali:
mama yake Seneta alifanya kazi ile miaka minne,
si kumi na tisa.
Pointi mbili zikayeyuka kabla theluji haijaanguka.
Nzigire hakuligusa gazeti. Alilipitia pembeni
kama mtu anayekwepa dimbwi.

Nilidhani Mzee Dombrowski atacheka mpaka akohoe.
Saa tisa usiku akabonyeza kengele.
Nilikuwa nimeinama, chombo chake mikononi,
akauliza dari, si mimi:
"Minne. Wewe una mingapi?"
Sita, nikasema.
Akanyamaza kitambo.
"Minne inatosha kuijua harufu."

Kura yake ilikuwa juu ya meza, karatasi ya posta.
Aliomba nimsogezee kalamu,
akaifunika karatasi kwa kiganja chote, kama mtoto darasani.
Sikuuliza.
Yangu niliipiga kituo cha zimamoto, kura ya kwanza ya maisha yangu hapa,
nyuma ya mtu aliyekuja na mbwa,
na nikiinama juu ya karatasi, jina la Haugland
lilikuwa la pili, chini ya la bosi wake,
kiduara kimoja tu kwa wote wawili.
Huwezi kumchagua mmoja ukamwacha mwenziwe.

Jimbo liliwaponyoka.
Mwenye kipara wa runinga alisema yule wa pili hakuongeza wala hakupunguza.
Sauti ilikuwa chini, Mzee amelala, Bi Loretta yu macho safari hii,
anauliza kila mara nani anashinda.

Bosi alikuwa anakubali kushindwa.
Haugland amesimama nyuma yake, hatua moja kushoto,
na kamera, kwa mara ya kwanza, ikaileta mikono yake karibu.
Nikaweka ndoo chini, nikasogea kwenye kioo.
Alikuwa anapiga makofi.
Mikono inayopiga makofi
huwezi kuisoma.