Hodi ya Namba Nne

Sifuri. Tisini na saba. Mia na kumi na tano. Mia na tisa.
Hivyo ndivyo moduli inavyopiga hodi,
na kivinjari hakifungui kwa hodi nyingine.

Nje, Łódź inameza theluji ya Februari.
Ghorofa ya tatu ya makumbusho, bomba la joto linakohoa,
mimi na Zbyszko tunabishania ukurasa mmoja,
ukurasa wa vitambaa, ndani ya mfumo wetu wa maudhui
uliobeba saa za kufungua, bei za tiketi,
picha za mashine zilizonyamaza,
na ambao haujafuma hata uzi.

Marehemu Wacław Pietrzyk aliandika programu yake kwa C,
mwaka themanini na nane, usiku, baada ya zamu kiwandani.
Ukiipa namba ya kitambaa, inachora mtande na mshindio
mstari kwa mstari, kama mtu asiye na pa kwenda.
Mjane wake alituletea diski nne katika kopo la biskuti.
Moja ilinukia mdalasini. Hiyo ndiyo iliyosomeka.

"Tuiandike upya," akasema Zbyszko. "Wiki moja tu."
Nikamwambia: aliyekufa haandikwi upya. Anakaribishwa.

Basi nikamtengea mgeni chumba:
baiti elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita,
wala si moja zaidi.
Humo hamna dirisha. Haoni seva, haoni faili,
hata saa ngapi hajui mpaka amuulize mwenyeji,
na mwenyeji hutoa kile tu alichoahidi mlangoni.

Siku ya kwanza alinyamaza. Nilisahau kumpa kumbukumbu.
Siku ya pili alisema,
lakini jina la mji wetu likatoka kilema, visanduku na alama za swali,
maana yeye hajui maneno, anajua namba,
na namba za enzi ile si za leo.
Siku ya tatu tukampa jembe.

Akalima! Skrini ikajaa nyuzi,
Zbyszko akasahau chai yake ikapoa.
Kisha kitambaa cha kumi na nne:
mstari wa mia mbili na kumi na mbili, uzi mmoja umeruka.

"Hitilafu," akasema, akaenda kuwahi tramu.

Nilihesabu baiti hadi macho yakauma.
Nilipima mipaka ya chumba, nikamshuku mgeni, nikajishuku.
Saa sita usiku nikachukua ufunguo wa ghala,
nikavuta droo, nikafunua sufi ya kijivu,
nikahesabu kwa ncha ya sindano.
Mia mbili na kumi na mbili.
Uzi umeruka.

Nikarudi kwenye msimbo wenyewe, ule wa mdalasini.
Pembeni mwa mstari kulikuwa na maelezo,
aina ile ambayo kikusanyi huitupa, haina kazi kwa mashine:
"Hapa mama aliitwa."

Hayo hayakuingia katika moduli. Yasingeweza.
Nikayaandika chini ya picha, kwenye kisanduku cha mfumo wa maudhui,
chombo kile nilichokidharau wiki nzima
kwa kuwa kinajua maneno tu.

Nikabonyeza hifadhi.
Aliitwa na nani, hakuna baiti inayosema.